Dakika Nzima

11 Februari

Kaka yangu Mwalimu,

Huku tupo, na Mama ndiye anayetushinda sote kwa kuwapo. Magoti yake yanalalamika kuanzia alfajiri. Ikifika saa nne yananyamaza, naye anapokea zamu ya kulalamika. Anauliza mjukuu wake amefika wapi kwa urefu, na kama bado anakushinda kwa ubishi. Jirani wa kushoto amepaka ukuta rangi ya kijani ambayo hata kijani chenyewe hakijawahi kuiona. Ndizo habari.

Uliuliza kwa nini sijaandika tangu Novemba. Kiwanda cha mashati kimefungwa. Tulifika asubuhi tukakuta lango lina kufuli na karatasi. Mistari minne, Kaka. Nimefanya kazi pale miaka ishirini na minane. Gawanya mwenyewe, mstari mmoja kwa kila miaka saba. Neno asante halikuwamo. Nilirudia kusoma nikidhani nimeliruka.

Nilikaa nyumbani wiki saba nikipanga na kupangua kabati. Kisha tukasikia chuo cha jamii kinafundisha uuguzi msaidizi kwa walioachishwa kazi. Nafasi thelathini, waombaji sabini, na mtihani wa hesabu mlangoni. Nilipata arobaini kati ya arobaini, na kijana aliyesahihisha akaniuliza, "Mama, ulisomea wapi?" Nikamjibu, "Kwenye kola za mashati." Sharti ni moja: ukianguka, nafasi yako anapewa aliye kwenye orodha ya kungoja, wapo arobaini, na wewe hurudi tena. Nina miaka arobaini na mitano. Mlango mwingine sina.

Unajua pale kiwandani nilikuwa na saa ya kubonyeza, nikipima mikono ya watu. Ndiyo maana waliniita Bi Saa. Watu mia mbili na kumi, huwezi kumsimamia kila mmoja dakika nzima. Unampima robo dakika, unazidisha kwa nne, unaandika, unahamia kwa mwingine. Tena ilibidi nishike kitambaa nijifanye naangalia uzi, maana mtu akiona saa anageuka kobe ili lengo lishuke. Sasa nasikia wodini pia kuna kupima kwa saa. Nikasema, basi hii kazi ni yangu.

Ila niseme moja, halafu nitanyamaza. Kama Baba angeniacha darasani kidato cha pili badala ya kunitoa ili wewe uendelee, leo ningekuwa natafuta mahali pa kustaafia uuguzi, si mahali pa kuuanzia. Sikulaumu wewe. Namlaumu yeye, naye amekufa, kwa hiyo lawama yangu haina anwani.

Mdogo wako,
Mizani

2 Machi

Mizani, dada yangu,

Mwambie Mama mjukuu wake amefika begani kwangu, na ubishi wake umenipita kimo. Anasema akimaliza shule atakuwa hakimu. Nimemwambia hakimu husikiliza kwanza. Akasema, "Basi nitakuwa wakili."

Habari ya kiwanda imeniuma. Habari ya chuo imeniponya. Arobaini kati ya arobaini! Nimewasimulia walimu wenzangu ofisini mpaka mmoja akaniuliza kama ni mimi niliyefanya mtihani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na wewe hata koleo lako halijavunjika. Wamefunga tu karakana.

Najua unanilaumu kwa kuzima simu. Huku mlimani mtandao ni wa kubahatisha, na mimi nimezoea karatasi. Tuandikiane, dada. Barua haikatiki katikati.

Juu ya lile la Baba, sina la kusema leo.

Kaka yako

20 Aprili

Kaka,

Mama hajambo. Amepata fimbo mpya, na ile ya zamani ameniagiza niitunze "kwa ajili yako, siku zinakwenda." Nimeipokea kwa mikono miwili.

Tumeingia wodini. Nikueleze habari za wenzangu ucheke. Yupo Fundi wa Pasi, lile jitu la chumba cha kunyoosha, mikono kama makasia. Siku ya kwanza akapewa kutandika vitanda. Kaka, alizikunja pembe za shuka kama anatayarisha mashati ya dirishani. Mgonjwa alipolazwa akasema, "Jamani, nimetiwa kwenye bahasha, mnanituma wapi?" Sasa wodi nzima wanamgombea. Mwanamume huyo alilia pale langoni Novemba, nilimwona kwa macho yangu, na leo anaimba akisukuma toroli la shuka.

Mwalimu wetu wa wodini tunamwita Sista Dakika Nzima. Joto la mwili, presha, mapigo ya moyo, yote anataka yapimwe kwa utaratibu wake, lakini kwenye pumzi ndiyo hana masihara. Mgonjwa ahesabiwe pumzi dakika nzima, sekunde sitini, tena asijue anahesabiwa, maana akijua anabadilisha. Unaendelea kushika kifundo cha mkono kana kwamba bado unahesabu mapigo, kumbe macho yako kifuani. Mtu mzima aliyetulia huvuta kati ya kumi na mbili na ishirini.

Nimesimama kwa miguu saa nane kwa siku na sijachoka. Kuna mzee nilimkata kucha juzi. Akaniambia tangu mkewe afe hakuna aliyemshika mkono muda mrefu namna ile. Kiwandani nilikuwa nahesabu kazi ya mikono na sijawahi kuushika hata mmoja.

Tarehe kumi na mbili kulitokea jambo wodini. Halistahili stempu. Liache.

Mizani

9 Juni

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mitihani ya muhula, na barua hii nimeiandika kwa vituo vitatu: mezani, kitandani, na sasa uani. Binti yangu amenipokonya daftari za wanafunzi asahihishe yeye, anasema mwandiko wangu umeanza kulewa.

Umeandika kurasa mbili za mambo ya furaha na mistari miwili ya jambo "lisilostahili stempu." Nimefundisha watoto miaka ishirini na mitatu. Mtoto anayesema hakuna kitu, mfukoni mwake kuna kioo kilichovunjika. Toa ukiweke mezani.

Hata kama ni kosa, usitoke chuoni. Nakuomba kama kaka. Usitoke. Nitakuja likizo ya Agosti, siku mbili, nimwone Mama na nikuone ukiwa na sare.

Kaka yako

1 Julai

Kaka,

Mama anapanga utakapolala na amekwisha badilisha mara tatu. Njoo kabla hajanihamishia mimi jikoni.

Haya, kioo hiki hapa.

Tarehe kumi na mbili Aprili nilipewa kitanda namba saba. Nafika, nakuta bibi mdogo kama mto wa kiti, ananitazama, kisha anapaza sauti:

"We! Bi Saa!"

"Mimi, bibi."

"Hata huku umenifuata? Haya, leo nishone vingapi?"

Wodi nzima ikacheka. Alikuwa Bibi Vifungo. Alishona vifungo meza ya sita miaka kumi na tisa, na mimi nilimwandika kwenye orodha ya wazito wa mikono mara nyingi kuliko mtu yeyote. Aibu ikanipanda, nikataka nimalize niondoke. Nikamshika mkono, nikaangalia saa, na Kaka, nilifanya kama meza ya sita. Robo dakika. Pumzi nne. Nne mara nne, nikaandika kumi na sita. Nadhifu kabisa.

Sista alikuwa nyuma yangu. Akauchukua mkono ule ule, akatazama dirishani kana kwamba anaangalia mvua, akasimama hivyo dakika nzima. Akaifuta hesabu yangu akaandika ishirini na tisa. Bibi alikuwa anavuta harakaharaka, kisha anasimama kama mashine iliyokatikiwa uzi, kisha anaanza tena. Robo yangu iliangukia pale aliposimama.

"Umepima?" akaniuliza.

"Nimezidisha."

"Binadamu hazidishwi."

Wakamwekea hewa, daktari akaja mbio. Sista akanitoa nje ya wodi, akaniambia kwa sauti ya chini, nayo ndiyo mbaya zaidi, kwamba kosa jingine la aina hii anampigia simu wa kwanza kwenye orodha ya kungoja. Jioni ile niliikunja sare nikaifunga kwa kamba niirudishe. Ilikaa imefungwa siku mbili. Fundi wa Pasi akaja nyumbani, akaiona, akasema, "Umekunja vibaya," akaikunjua, akainyoosha upya, akaitundika. Nikaivaa kesho yake.

Nilimwendea Bibi kumwomba radhi. Alikuwa ameketi, hewa puani, anakula kwa hamu. Akasema:

"Nilipokuwa mzima ulinipima ukasema nachelewa. Nimeumwa, umenipima ukasema niko sawa. Hiyo saa yako ina ugomvi gani na mimi?"

Akaniambia tena, "Halafu ule mchezo wako wa kitambaa, unajifanya unatazama uzi. Tulikuwa tunajua sote! Ukija na saa tulipunguza kidogo. Ukija na kitambaa tulilala kabisa."

Miaka ishirini na minane ya hesabu zangu, Kaka. Zote za uongo, na kiwanda kizima kinajua isipokuwa mimi na meneja.

Nikamuuliza, "Sasa nikupimeje usijue?"

"Nishike kama umenikumbuka," akasema. "Usinishike kama umenikamata."

Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa niliyemhesabia robo. Bibi Vifungo ametoka hospitali wiki iliyopita. Mtihani wangu wa mwisho ni Oktoba, na Sista ndiye atakayesimama nyuma yangu.

Na kwamba uliniandikia nisitoke, wakati ulikuwa hujui hata nimefanya nini: nimeiweka barua ile kwenye mfuko wa sare.

Mizani

19 Agosti

Kaka yangu,

Umeondoka jana na Mama bado anakutandikia. Tumefurahi mno. Vitabu ulivyoacha nimevipanga, kofia uliyosahau ameivaa Mama.

Sasa nisome ukiwa umekaa.

Ngazi za mlangoni kwetu ni saba. Ulipofika ya nne ulisimama ukasifia maua ya jirani. Wewe maua hujawahi kuyajua. Ulikuwa unayakanyaga ukikimbilia mpira. Kamba za viatu vyako hazikufungwa siku zote mbili, na ulipovua soksi zimeacha mfereji mguuni. Usiku uliomba mto wa pili, kisha wa tatu, na asubuhi Mama alikukuta umelala umekaa.

Jumapili baada ya chai nilikushika mkono. Ukacheka, ukasema, "Mizani umezeeka, umeanza huruma." Nikacheka na wewe. Ilikuwa huruma kweli, lakini pia nilikuwa nahesabu. Dakika nzima: ishirini na nane. Nikakuuliza habari za shule ili usitoe mkono, nikahesabu dakika ya pili. Ishirini na nane. Umekaa kitini, hujapanda mlima, hujabeba hata kikombe.

Na sasa najua kwa nini hutaki simu. Barua haihemi.

Sikukwambia mbele ya Mama, na mimi si daktari, siruhusiwi kukwambia ni nini. Lakini naruhusiwa kukwambia hii si kawaida. Nenda hospitali Jumatatu. Si Jumatatu utakayoichagua, hii inayokuja. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mpe binti yako barua hii aisome. Kama hutampa, nitamwandikia yake.

Nijibu upesi.

Mizani

28 Septemba
Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani

Mizani,

Umesubiri siku arobaini, najua umezihesabu. Barua yako niliificha chini ya daftari za darasa la saba. Siku ya kumi na moja binti yangu aliikuta. Hakubishana, na hapo ndipo nilipoogopa. Alileta viatu vyangu, akanivalisha, akaniambia, "Twende." Hakimu huyo.

Daktari anasema moyo umechoka kusukuma na maji yamepanda mapafuni. Anasema ningengoja mwezi mwingine, asingenieleza mimi, angemweleza binti yangu. Nimepewa dawa nitakazokunywa siku zote. Maji yanapungua. Leo asubuhi nimefunga kamba za viatu mwenyewe, kiatu cha kulia na cha kushoto, kisha nikazifungua nikafunga tena kwa raha tu.

Jana alikuja muuguzi kijana, akanishika mkono, akaangalia saa kidogo, akaanza kuandika. Nikamwambia, "Binti, dakika nzima." Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia nina dada.

Ulinishika mkono nikadhani unanipenda tu. Umeniokoa maisha, Mizani, kwa kazi uliyoianza miezi minane iliyopita. Na ndiyo maana siwezi tena kunyamaza juu ya lile la Baba.

Hukumlaumu mtu sahihi. Mwaka ule Baba alipopata nafasi ya kumsomesha mmoja, alileta ripoti zetu mbili kutoka shuleni, wewe hujaziona. Unajua hakujua kusoma. Akanipa mimi, maana mimi ndiye mkubwa, akasema, "Nisomee, nani amefanya vizuri?" Wewe ulikuwa wa pili kati ya arobaini na watatu. Mimi wa kumi na tisa. Nilitazama karatasi zile muda mrefu, kisha nikasema, "Wote tumefaulu, Baba." Haikuwa uongo. Nimejiambia hivyo miaka ishirini na minane. Akasema, "Basi kama mko sawa, aendelee mkubwa."

Baba alichagua kwa kipimo nilichompa mimi. Yeye hakukudhulumu. Siombi unisamehe, naomba tu ujue, kabla maji hayajapanda tena.

Kaka yako

24 Oktoba

Kaka,

Mama hajambo, anakuombea kila swala na katikati. Nimemwambia unaumwa moyo na unatibiwa. Lile lingine sikumwambia, na wewe usimwambie.

Barua yako ilifika siku tatu kabla ya mtihani. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Wa pili kati ya arobaini na watatu. Nilijua nilikuwa nafaulu, sikujua ni namna ile. Nilitoka nikatembea mpaka lango la kiwanda. Kufuli ipo, karatasi imenyeshewa mpaka haisomeki. Nikasimama pale kama mjinga, nina mtu wa kumlaumu mwenye anwani, na anwani yake ni kitanda cha dirishani.

Siku ya mtihani nilipewa mgonjwa mwanamume wa umri wako. Hiyo si haki, lakini ndivyo ilivyokuwa. Sista nyuma yangu. Nikamshika mkono. Nikamkumbuka Bibi Vifungo: nishike kama umenikumbuka. Nikamkumbuka mtu, wewe unamjua. Nilihesabu dakika nzima nikiwa na hasira dakika nzima, na nikapata kumi na nane. Sista akahesabu yake. Kumi na nane.

Nimefaulu, Kaka. Wa pili kati ya ishirini na saba tuliofika mwisho. Inaelekea ndiyo namba yangu. Wa kwanza ni Fundi wa Pasi, na sitaki kusikia kicheko chako. Nimeajiriwa wodi ile ile, naanza tarehe mosi. Bibi Vifungo alikuja kwenye sherehe na kifungo kimoja cheupe mfukoni. Alinishonea kwenye sare hapo hapo, penye pengo la kilichokatika, taratibu kuliko kobe, huku akinitazama usoni. "Pima sasa," akasema. Sikupima.

Barua yako nimekaa nayo siku kumi na nane bila kujibu. Nina hasira nawe. Nitakuwa nayo kwa muda, usinihimize. Lakini nimefanya hesabu, kwa kuwa ndiyo njia ninayoijua. Ulikuwa na miaka kumi na tisa siku ile. Ilikuwa sentensi moja. Baada yake kuna barua zako zote, kuna "usitoke," kuna watoto wa watu uliowafundisha miaka ishirini na mitatu. Nikichukua sentensi ile nikaizidisha, nitakuwa nimerudi meza ya sita. Ninashukuru kwamba umesema. Ninashukuru zaidi kwamba umebaki wa kusema.

Sasa nina agizo la kitabibu, usibishe. Jumapili saa kumi, washa simu. Huko mlimani mtandao upo, binti yako amekwisha nieleza. Nipigie. Usisalimie, usiulize Mama anaendeleaje, usiombe radhi. Iweke tu simu kifuani, unyamaze.

Dakika nzima. Nitakuwa nahesabu.

Dada yako,
Mizani